Simu ya Miaka Sita na Betri Yake

"Miaka sita!" Neno hilo ndilo lililotuweka kijiweni Magomeni hadi adhana ya magharibi, kahawa ikipoa vikombeni na drafti ikiachwa katikati na kete zake juu. Simu yenyewe haina makeke: Samsung Galaxy A07, mgongo wa plastiki, kioo cha inchi 6.7, kamera mbili nyuma. Kijana wetu wa bodaboda aliichukua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na jioni akaja nayo, maana kwetu kitu kipya sharti kikaguliwe na kijiwe kizima.

Ikazunguka mkono kwa mkono. Mmoja akaipima uzito kiganjani, mwingine akaitazama kwa ubavu, mzee wa drafti akafuta kioo kwa pindo la kanzu kabla ya kuigusa. Ndipo mwenye simu akalitoa lile neno. "Hii wameahidi Android mpya mara sita, na ulinzi miaka sita. Sita, siyo miwili!"

Fundi simu wetu, ambaye meza yake na benchi la kahawa zimetenganishwa na mfereji tu, akasonya. Mfyuuu! Msonyo mrefu, wa mtu aliyezika simu nyingi. "Miaka sita ya nini, kaka? Mimi hapa naletewa simu za miezi minane, zimeshakufa."

Gumzo likawaka. Nalileta kwako msomaji kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Kwa simu ya kupangusa ya bei ya chini muuza vitumbua anapokea oda, wakala anahamisha pesa, mwanafunzi anasoma notsi, dereva anafuata ramani. Ikifa, kazi inasimama. Swali la itaishi muda gani lilistahili kuwa la kwanza dukani, na miaka yote tumeliweka la mwisho, baada ya rangi na kamera.

Tuanze kwa kuipa haki yake, maana simu hii inayo.

"Mimi kazi yangu ni barabarani," akasema dereva. "Kiangazi vumbi, masika mvua. Hii ina IP54." Wengine wakatazamana, fundi akafafanua. Hizo ni tarakimu mbili, kila moja na kazi yake: tano ni kinga ya vumbi, kwamba likiingia halitaingia kwa kiasi cha kuharibu, nne ni kinga ya maji yanayorukia kutoka upande wowote. Manyunyu, jasho, tone la kahawa, yote hayo inastahimili. "Lakini ukiitumbukiza kwenye ndoo, usije kwangu na hiyo IP yako. Na siku nikiifungua mimi nikakubadilishia kitu, gundi ya kiwandani imeshatoka, hesabu kinga imepungua."

Hilo la mwisho wengi hatulisikii dukani. Kinga ya maji kwenye simu inatokana na gundi na vipande vya mpira pembezoni, na vitu hivyo vikishafunguliwa havirudi kama vilivyokuwa. Hata hivyo, kwa simu ya daraja la chini kuja na kinga ya namba hiyo ni hatua ya kweli. Mtu wa bodaboda anayefunga simu kwenye usukani anaielewa kuliko mtu wa ofisini.

Yako mengine ambayo mvua inaleta na hakuna namba inayoyatibu. Kioo cha simu ya kisasa hakisubiri kubonyezwa kwa nguvu, kina uga mdogo wa umeme wake chenyewe, na kinahisi uga huo unavyobadilika kidole, ambacho hupitisha umeme, kinapokigusa. Ndiyo maana kinaitika kwa mguso mwepesi, na ndiyo maana tone la maji likitua juu yake kinachanganyikiwa, na glovu za kawaida za dereva hazisikiki kabisa. Simu itapona mvua, lakini ramani itakuwa inajipangusa yenyewe. Mwenye kazi ya barabarani aijue hali hiyo mapema, anunue mfuko wa plastiki angavu wa kuivika.

Kioo kikaleta ubishi wake. Kijana wa chuo akalalamika kwamba vitone ni 720 kwa 1600, idadi ndogo kwa upana huo, na kwamba herufi ndogo ukizisogelea hazina ukingo mkali. Ni kweli. Lakini mzee wa drafti akaikamata simu, akakuza maandishi, akaanza kusoma habari ya gazeti bila miwani. "Mwanangu, wewe una macho ya kuhesabu vitone. Mimi nataka kuona." Na kioo hicho kinabadilisha picha hadi mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo ukipangusa, ukurasa unafuata kidole bila kurukaruka. Kwa anayetoka kwenye simu ya miaka mitano iliyopita, tofauti hiyo ataiona siku ya kwanza.

Ndani kuna prosesa ya MediaTek iitwayo Helio G99, ya mwaka 2022, iliyochongwa kwa nanomita 6. Simu iliyoitangulia, A06 ya 2024, ilitumia Helio G85 ya mwaka 2020, ya nanomita 12. Kwa lugha ya kijiweni: njia za umeme ndani ya chipu zimekuwa nyembamba, kazi ile ile inafanyika kwa chaji kidogo na joto dogo. Kuganda kunapungua. Haina 5G, na hapo sikusikia aliyenung'unika, kwa sababu kinachotuumiza sisi ni bei ya bando kabla ya kasi yake.

Kamera wanaiandika megapikseli 50, na hapa ningependa kila mnunuzi aelewe anachonunua. Simu za namna hii, ukipiga picha ya kawaida, huunganisha vitone vinne kuwa kimoja ili kiwe na mwanga wa kutosha, picha ikatoka na megapikseli 12 na nusu hivi. Si wizi, ni njia nzuri ya kupata picha safi kwenye mwanga hafifu. Lakini namba ya kwenye boksi siyo picha utakayoitunza. Kamera ya pili, ya megapikseli 2, kazi yake ni kukadiria umbali ili nyuma ya mtu kuwe na ukungu. Tulimpiga muuza kahawa chini ya mwarobaini, jua likielekea kuzama: uso wake ukatoka vizuri, birika la shaba likang'aa, ila majani ya mti nyuma yakawa kama yamepakwa rangi kwa brashi. Kwa picha ya biashara, ya bidhaa mezani mchana, inatosha kabisa. Kwa sherehe ya usiku, usiitegemee.

Hapo ndipo dada yetu wa uwakala alipoingia. Yeye ana iPhone X, aliyoinunua ikiwa imetumika, ile mizigo ya kutoka Dubai. "Ndugu zangu, mnasifia plastiki. Hii yangu ina miaka yake na bado picha zake zinaizidi hiyo mpya. Na nikitaka kuiuza kesho, naiuza."

Mwenye simu mpya akamjibu kwa swali. "Dada, ina iOS namba ngapi?"

Kumi na sita. Na haitasogea. iPhone X iliingia sokoni Novemba 2017, na iOS 17 ilipotoka Septemba 2023, yenyewe ikaachwa nje. Takriban miaka sita. Tazama basi hesabu hiyo ilivyo tamu kwa wanyonge: umri ule ule ambao simu ya kifahari ya 2017 iliupata, leo unaahidiwa kwenye simu ya daraja la chini kabisa la kampuni nyingine. A07 ilitoka Agosti 2025 ikiwa na Android 15; ahadi ya vizazi sita inaifikisha Android 21. A06 ya mwaka mmoja kabla ilipewa vizazi viwili tu na miaka minne ya masasisho ya usalama. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko kamera, kuliko kioo, kuliko rangi. Ni jambo jema kuliko yote yaliyoifika simu ya mtu wa kawaida kwa miaka mingi, na nalisema kwa sauti.

Kwa nini nalipa uzito huo? Mzee alitupa sababu bila kuulizwa. Mke wake alikuwa na simu ya zamani, nzima, haina hata ufa. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp ikagoma. Fundi akaielewa mara moja: ilikuwa Android 4.4. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu za Android hiyo, na tarehe 5 Mei mwaka huo huo ikaziacha iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, yaani kina iPhone 5s na 6. Vyuma vilikuwa hai, programu zikavikana. Mama wa watu akabaki hawezi kuona picha za wajukuu wake, simu ikiwa mkononi na chaji imejaa.

Na usalama je? Dada wa uwakala anashika pesa za watu kutwa nzima. Kila mwezi zinagunduliwa nyufa kwenye mifumo ya simu, njia ambazo mwizi anaweza kupitia akasoma ujumbe, akachukua namba za siri. Masasisho ya usalama ndiyo yanayoziba. Simu isiyoyapata inaendelea kuwaka, inapiga picha, inacheza muziki, na wenye nia mbaya wanazijua nyufa zake zote. Mtu ambaye riziki yake imo ndani ya simu hafai kuipuuza hoja hiyo. Nilimwambia, naye hakubisha. Alisema atafikiria kuitenga simu ya kazi na simu ya picha.

Jambo moja mnunuzi aliweke kichwani: miaka hiyo sita huhesabiwa tangu simu ilipotoka kwa mara ya kwanza, haianzi siku utakayoifungua boksi lako. Atakayeinunua 2028 kwa sababu imeshuka bei, atakuwa amenunua nusu ya ahadi.

Sasa turudi kwa fundi, maana msonyo wake ulikuwa na hoja na tulikuwa hatujamsikiliza.

"Nyie mnaongea programu," akasema. "Mimi naongea mwili." Akavuta droo, akatoa betri iliyovimba, tumbo limeinuka mpaka lebo imepasuka. Akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka mbali na pasi yake ya kulehemu. "Hii ilikuwa ya simu nzuri tu. Mwenye nayo alidhani mgongo umeachia gundi, kumbe betri inausukuma." Akatuonya tusijaribu kuitoboa wala kuikandamiza, maana ndani kuna kemikali inayoshika moto.

Halafu akatuonyesha kazi yenyewe kwenye simu nyingine iliyokuwa mezani. Akapasha mgongo kwa hewa ya moto, taratibu, akihamisha bomba lisitulie mahali pamoja. Gundi ilipolainika akapenyeza kadi ya plastiki iliyokatwa kona, akaitelezesha pembezoni kidogo kidogo hadi mgongo ukaachia. Betri nayo imegandishwa kwa gundi. Akadondosha spiriti kidogo ubavuni, akasubiri, akaibandua kwa kadi ile ile bila kuikunja. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Kitu ambacho zamani ulikifanya mwenyewe kwa ukucha, kufungua mfuniko na kuchomoa betri, leo kinahitaji fundi, joto na bahati.

"Haya, nipigieni hesabu," akasema, naye anaendelea na kazi. "Unachaji mara ngapi?"

Dereva akakiri kwamba yeye anaimaliza betri kila siku, ramani na programu ya abiria zikiwaka tangu alfajiri. Betri ya A07 ni mAh 5000, nzuri, na kwa mtu wa matumizi ya kawaida itavuka siku. Kwa dereva ni mzunguko mmoja mzima kila siku: 365 kwa mwaka, 2,190 kwa miaka sita. Betri ya lithiamu inayohesabiwa kuwa imara hupewa mizunguko kama 800 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa kijana wetu hiyo ni miaka miwili na miezi michache. Ongeza joto la Dar es Salaam, ongeza jua la usukani, ongeza simu inayochajiwa huku inaongoza njia, na joto ndilo adui mkubwa wa betri. Kwa vyovyote, kuifikisha simu hiyo mwaka wa sita kutahitaji betri mpya, pengine mbili.

Kimya kidogo. Kisha mzee akauliza: "Na kioo kikivunjika?"

Zamani, fundi akaeleza, ukiangusha simu ya kupangusa, kinachopasuka ni tachi, ile tabaka ya juu inayohisi kidole. Kioo cha picha kilikuwa chini yake, kimejitenga, kizima. Ulibadilisha tachi peke yake, ukalipa pesa ya kawaida, ukaondoka. Siku hizi tachi na kioo cha picha vimeunganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Faida yake ipo: picha inaonekana karibu na kidole, na kifaa kinakuwa chembamba. Hasara yake anaibeba mwenye simu: ufa mdogo wa pembeni unaweza kumlazimu anunue kioo chote. Na vioo navyo vina ngazi. Kuna orijino, kuna kilichovuliwa kwenye simu iliyokufa, kuna kopi. Kopi ni rahisi, lakini rangi yake imefifia, kinakula chaji, na siku nyingine kidole kinagusa hapa herufi inaandikwa pale.

Ndipo fundi akasema neno ambalo kwangu ndilo lililoamua ubishi wote wa jioni ile. Akanyoosha kidole kwenye iPhone ya dada. "Hii imekatwa masasisho, lakini kioo chake nakipata, betri yake naipata, hata tundu la chaji nalipata. Naweza kuifufua mara nne. Hiyo mpya ina masasisho ya miaka sita. Leo vipuri nitavipata, kwa sababu inauzwa sana. Niulize mwaka wa nne, zikishapita A08, A09 na kuendelea. Kila mwaka namba mpya, na kipuri cha namba hii hakuna uhakika kitakaa kwenye namba ile."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Yeye ana baiskeli ya Phoenix iliyomlelea watoto. Imedumu, akasema, kwa sababu mnyororo wake, pedali zake na spoku zake zilipatikana kila duka la kijijini, mwaka baada ya mwaka, na kila kijana aliyejua kushika spana aliweza kuitengeneza.

Naisimamia hoja hiyo kwa moyo wangu wote. Umri wa kifaa una nguzo mbili, programu na vipuri. Kampuni imeisimamisha ya kwanza, na inastahili sifa. Ya pili imeachwa kwa soko, na soko linafuata kinachouzika leo. Simu inayopata Android mpya mwaka wa tano huku betri yake haifiki saa sita mchana haijamsaidia mwenye nayo; itaishia droo moja na ile betri iliyovimba.

Wako waliokwisha kulifikisha jambo hili kwenye sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka simu janja zinazoingizwa sokoni kwake ziwe na betri inayovumilia walau mizunguko 800 ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo. Vipuri muhimu viendelee kupatikana kwa mafundi miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Na masasisho ya mfumo yapatikane walau miaka 5 tangu siku ile ya mwisho wa mauzo. Na sharti la betri ambayo mwenye simu anaweza kuitoa mwenyewe linaanza huko Februari 2027. Soma tena sharti la vipuri. Fundi wa Lisbon au Athens anaweza kudai kioo kwa nguvu ya sheria. Fundi wa Magomeni anakitafuta kwa kupiga simu Kariakoo duka hadi duka, akitumaini.

Na tusiseme sisi hatuwezi. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Watu walilalamika, walikimbilia kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090 kuangalia kama zao zitapona, na usiku ulipofika zikazimwa kweli. Nchi iliyoweza kuamua simu ipi iishi kwenye mtandao wake ina uwezo wa kumwambia mwingizaji: leta simu, na betri na vioo vyake viwepo kwa miaka kadhaa, kwa bei inayojulikana. TBS inaweka viwango vya saruji na nondo kwa sababu nyumba ikianguka watu wanaumia. Simu ya mama lishe ikifa na akaunti yake ndani, naye anaumia, ingawa haitoki kwenye habari.

Kabla hatujaachana, wenzetu wawili waligusa mambo ya mfukoni, nami nayaweka hapa kwa sababu yanaamua kama miaka hiyo sita itakufaa au haitakufaa.

La kwanza ni kumbukumbu. A07 inauzwa kwa ukubwa tofauti, kuanzia RAM ya GB 4 yenye nafasi ya GB 64 hadi RAM ya GB 8 yenye nafasi ya GB 256. Ukitaka simu ya mwaka mmoja, ndogo inatosha. Ukitaka kuifikisha mbali, usichukue ya GB 4. Programu hukua kila mwaka, na Android 20 haitakuwa nyepesi kuliko 15. Muuzaji akikwambia RAM inaongezeka kwa mipangilio, mwelewe vizuri: simu inakopa sehemu ya nafasi ya kuhifadhia na kuifanya msaidizi wa RAM. Inasaidia programu zisijifunge ovyo, lakini nafasi hiyo ina kasi ndogo kuliko RAM halisi. Picha na video za WhatsApp zihamishie kwenye memori kadi, tundu lake lipo. RAM huwezi kuihamishia popote, kwa hiyo ilipe siku ya kwanza.

La pili ni mkopo. Kijana mmoja alikuwa na simu aliyochukua kwa kulipa kila siku, na wiki aliyougua alishindwa kulipa, kioo kikajifunga. Akabaki hana njia ya kuwapigia hata wateja ambao wangempa hiyo pesa. Mkopo umewafikisha wengi kwenye simu ambazo pesa taslimu isingewafikisha, na sibezi hilo. Ila kabla ya kusaini, jumlisha malipo ya kila siku mpaka siku ya mwisho, uyalinganishe na bei ya dukani. Uliza pia ukikosa siku mbili tatu kinafungwa nini na kinabaki nini. Na wanaokopesha wanapaswa kuacha wazi kupiga na kupokea simu, maana kumkata mdaiwa asifanye kazi ni kujikatia malipo yenyewe.

Hukumu ya kijiwe basi. Galaxy A07 ni simu nzuri kwa mtu wa kazi, nami nakubaliana nayo: chukua yenye RAM ya GB 6 au zaidi, ivike kava na protekta siku hiyo hiyo, usiichaji juani, na tenga pesa ya betri kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza. Usinunue kichwa cha chaji cha barabarani kisichojulikana. Simu inapokea hadi wati 25, lakini kichwa kikiwa hakizitoi utasubiri vile vile, na kibovu kitaichosha betri kabla ya wakati.

Na kabla ya kulipia simu yoyote, iwe hii au nyingine, pita kwanza kwa fundi wa mtaani kwako. Muulize kama betri na kioo cha namba hiyo anavipata, na kwa shilingi ngapi. Jibu lake lina thamani kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Wanunuzi wakianza kuuliza swali hilo kwenye kila kaunta ya Aggrey, wauzaji watalipeleka kwa waingizaji, na waingizaji watalipeleka kiwandani. TCRA na TBS nao walifanye sharti. Ahadi ya programu imepewa miaka na inajulikana itaisha lini. Ahadi ya vipuri nayo iandikwe miaka yake kwenye boksi lile lile, ili mwenye simu awe na cha kudai.